Barua kwa Mwanangu: Mpira Ukiwa Hewani

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako ameanika michembe ya viazi vitamu tangu wiki iliyopita, na kila wingu likipita anatoka mbio kuianua na mimi naitwa nikamsaidie, kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa vipande. Goti langu ni lile lile. Nimeandika kwa mkono kwa sababu vidole vyangu haviwezi maneno mengi kwenye simu. Mtoto wa mama yako mdogo ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie.

Umeniuliza hivi: "Baba, hivi Tim Duncan wa San Antonio alitutendea haki kuondoka kwenye kikapu cha Marekani vile bila kuaga? Wenzangu ofisini wanasema Kobe Bryant wa Los Angeles ndiye aliyeonyesha namna ya kustaafu, nami nimekosa la kuwajibu."

Nitakujibu. Ila swali hilo lina mlango wake, na mlango wake si mwaka 2016 alipostaafu. Anayetaka kujua Duncan aliondokaje, aulize kwanza alikuwa wapi siku ile ya fainali na Miami, mwaka 2013, zikiwa zimebaki sekunde 28. Alikuwa benchi. Miaka inapita na neno langu ni moja, nanyi nyumba nzima mmelichoka: mpira ukiwa hewani, mrefu awe uwanjani.

Unajua tulivyoingia kwenye ushabiki wa San Antonio. Yule padri mgeni aliniachia kanda mbili za video alipokuwa akirudi kwao, na moja ilikuwa ya tarehe 15 Juni 2003, San Antonio na New Jersey, mchezo wa sita wa fainali. Niliirudia kanda ile mpaka picha ikaanza kuchora mistari. Duncan alifunga pointi 21, akadaka ribaundi 20, ile mipira iliyokosa kikapu, akatoa pasi 10 za kufungia na kuzuia mipira 8. Mtu mmoja, usiku mmoja. Niliwakusanya wanafunzi wangu kwenye maabara, mahali pekee palipokuwa na televisheni, nikawaambia tazameni miguu yake, msitazame mikono. Anapokea, anageuka, anagongesha ubao, unaingia. Hapigi kelele, hajipigi kifua. Kaka yako alikuwa amekaa mbele kabisa, magoti yamemfika kidevuni kwa ule urefu, na tangu siku ile akaacha kurusha mpira moja kwa moja. Kila mpira ubaoni kwanza.

Kwenye kanda ile ile yumo David Robinson, mrefu mwenzake wa San Antonio, siku yake ya mwisho. Huyo alikuwa ametangaza mapema kwamba msimu ule ndio wa mwisho kwake, watu wakamuaga taratibu, naye akamaliza na ribaundi 17 na kombe mkononi. Nakumbusha hilo kwa sababu wenzako wanazungumza kana kwamba kuaga kulianza na Kobe. Robinson aliaga, na aliagwa vizuri, na Duncan alikuwa amesimama pale pale akiona. Alijua kuaga kukoje. Alichagua jingine.

Nilimpenda pia kwa nyumba aliyotoka. Baba fundi mwashi, mama mkunga, kisiwani St. Croix. Alikuwa mwogeleaji kwanza, si mcheza kikapu. Mwaka 1989 kimbunga kilichoitwa Hugo kikaharibu bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi, na mwaka uliofuata saratani ikamchukua mama yake, siku moja kabla kijana hajatimiza miaka 14. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza chuo. Timu zilimtaka mapema, fedha zikiwa mezani, naye akakaa Wake Forest miaka yote minne, akatoka na shahada mwaka 1997 ndipo San Antonio wakamchagua, wa kwanza kati ya wote. Habari hiyo niliwahubiria ninyi kila mlipoleta ripoti mbaya, na mama yako alikuwa akiniuliza kama huyo Duncan ni ndugu yetu wa upande gani.

Sasa alfajiri ile. Jumatano, tarehe 19 Juni 2013. Kwao Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 18, kwetu saa kumi alfajiri. Ulikuwa likizo, kidato cha pili. Nilikuwa nimelipia kifurushi cha king'amuzi kwa fedha ambazo mama yako alikuwa amezitengea mabati ya jikoni, na hilo tusilifukue tena. Kaka yako alikuwa amekuja kutoka Kahama kwa siku nne. Wewe ulijifunika lile blanketi la kijivu, ukachemsha chai na kupasha matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, ukatugawia kwenye sahani moja. Sauti tumeibana ili mama yako alale. Nje miembe imetulia, hakuna hata jogoo. Mimi nakumbuka alfajiri ile kuliko siku niliyooa, na mama yako analijua hilo pia.

Fainali na Miami, na tulikuwa tumeshinda michezo mitatu kwa miwili. Huo mmoja tu, kombe la tano. Duncan mwenye umri wa miaka 37 alicheza kama wa kanda ile: pointi 30, na 25 kati ya hizo kabla ya mapumziko, na ribaundi 17. Sekunde 28 zimebaki, tunaongoza 94 kwa 89. Wahudumu wa uwanja wakaanza kuzungusha kamba ya njano pembeni, ile ya kuzuia watu wakati wa kukabidhi kombe. Uliniuliza, "Baba, kamba ya nini?" Nikakwambia ni ya sherehe yetu. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu.

Na hapo Popovich, kocha wetu, akamtoa Duncan.

LeBron wa Miami akarusha ule mtupo wa mbali wa pointi tatu, akakosa. Mpira ukapanda, ukashuka, ukarudi mikononi mwa Miami, LeBron akarusha tena, ukaingia. Leonard wetu akapewa mitupo miwili huru, wa kwanza ukatoka, wa pili ukaingia, 95 kwa 92. Duncan akatoka tena. LeBron akarusha, akakosa tena. Mwanangu, walikosa mara mbili! Mara mbili ulinzi ulifanya kazi yake, na mara mbili mpira ukawa hewani bila mwenyewe. Wa pili akaudaka Bosh wa Miami, akamtafuta mwenzake Ray Allen, Allen akarudi nyuma kwa hatua fupi fupi mpaka kona ya kulia, hakutazama hata mstari, akaruka. 95 kwa 95, sekunde tano zimebaki. Muda wa ziada wakatufunga 103 kwa 100. Kamba ya njano ilikuwa imeshaondolewa.

Wenye kumtetea Popovich wana hoja, na mimi kama mwalimu wa mchezo naijua. Ukiwa mbele kwa pointi chache na dakika inaisha, kitu kinachoweza kukuua ni pointi tatu. Miami walikuwa wamepanga watu wa kurusha kutoka mbali, hata Bosh mrefu wao alikuwa akirusha kutoka nje. Unataka watu wepesi watakaobadilishana kila mtu na kumfuata mrushaji mpaka mstarini, na Duncan kwa umri ule asingemkimbiza mtu nje. Popovich alifanya hivyo si siku ile tu, ndivyo alivyokuwa akipanga dakika za mwisho. Hoja ni nzuri. Ukiiandika ubaoni inakaa sawa, wanafunzi wanainakili. Lakini hoja ile inaishia mahali mrushaji anaporusha. Haisemi mpira ukikosa nani anaudaka. Na mpira hukosa, jamani, mpira hukosa zaidi ya unavyoingia! Mpira ukiwa hewani, mrefu awe uwanjani.

Nimeshabishana na nafsi yangu hapa usiku mwingi. Najiambia, angekuwepo Duncan, Allen au mwingine angepata nafasi mapema zaidi, na leo ningekuwa nalia kwamba mzee aliachwa uwanjani miguu imechoka. Pengine. Halafu najiambia, hapana, 17 alizidaka kwa miguu hiyo hiyo.

Unakumbuka nilifanya nini alipotolewa mara ya pili? Nilisimama. Nilisahau kwamba mama yako amelala. Nilipiga kelele, "Mrudishe! Mrudishe mrefu!" Na kaka yako, ambaye usiku kucha hakuwa amesema maneno kumi, alinitazama kutoka kule sakafuni, akasema taratibu, "Mwalimu ana sababu zake."

Wewe ulidhani anamzungumzia Popovich. Mimi nilijua.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na swali lako limeligusa bila wewe kujua, kwa hiyo ngoja nilitoe. Mwaka 2008 ulikuwa darasa la nne. Ulikuwepo uwanjani, umeshika ndoo ya maji na kikombe, na kila mara nilikuwa nakwambia usikae karibu na mstari. Fainali ya shule za mkoa. Uwanja wetu wa saruji iliyopasuka, ringi bila wavu, wanafunzi wamepanda ukutani na juu ya miembe. Kaka yako yuko kidato cha tano, namba 21 ya Duncan niliyoichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta mgongoni. Unakumbuka kwamba uwanjani nilimkataza kuniita Baba. Aniite Mwalimu, kama wenzake. Niliona ndiyo haki.

Tunaongoza 41 kwa 39. Sekunde kama kumi na tano kwa saa ya mkononi ya mwalimu aliyekuwa akishika muda. Mpira wao, pembeni. Nikaomba muda. Kaka yako alikuwa na faulo nne, na wale jirani zetu walikuwa na vijana wawili wepesi wanaorusha kutoka mbali. Nikamtoa, nikaingiza kijana mfupi mwenye mbio.

Hizo ndizo sababu nilizozitoa siku ile, na nimezitoa tena kila nilipoulizwa: faulo nne, vijana wepesi. Ni sababu za kweli. Lakini si zile zilizonifanya niseme "toka". Wiki nzima kabla ya mchezo ule kulikuwa na maneno kwenye ofisi ya walimu kwamba kikapu cha shule kimekuwa cha nyumbani kwangu, kwamba mtoto wa kocha hatoki hata akichoka. Mzazi mmoja aliyasema mbele yangu. Na pale nilipoomba muda nikawaona wamesimama wote upande wa pili, mikono kifuani. Nilitaka waone kwamba namtoa. Nilimtoa mwanangu ili watu wanione mimi mwenye haki.

Wakarusha, wakakosa. Ule mpira uligonga ringi ya nyuma ukapanda juu sana, juu kuliko ubao, nikaufuata kwa macho, na ninakwambia nilikuwa na muda wa kugeuka kumtazama kaka yako kabla haujashuka. Alikuwa ameshasimama benchi, taulo mabegani, mikono tayari iko juu. Ameinyoosha pale pale nje ya mstari, kama mtu anayedaka. Ukashukia kwa kijana wao ambaye hakufika hata begani kwake. Akaurudisha, ukaingia, na yule wangu mfupi akamgonga. Mtupo mmoja wa adhabu. 42 kwa 41.

Kaka yako hakulia wala hakunilaumu. Aliichukua ndoo mkononi mwako akaibeba yeye mpaka nyumbani. Jumatatu hakuja mazoezini, nikadhani ni hasira, itapita. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda mpaka mama yako alipompa mtoto wa jirani. Mwaka mzima wa kidato cha sita hakugusa mpira. Niliwahi kumwuliza mara moja, tukiwa njiani kutoka stesheni, kwa nini ameacha. Akasema ana masomo. Huko nyumbani akarudi kuniita Baba kama kawaida, kwa heshima zote. Hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja, na mimi wakati mwingine nilitamani angenivunjia.

Kwa hiyo Popovich sina ninavyoweza kumhukumu. Yeye alikuwa na hoja ya kikapu. Alikosea, nitasema alikosea mpaka naingia kaburini, lakini alikosea kwa ajili ya kushinda. Mimi sikuwa nataka kushinda wakati ule. Nilikuwa nataka kusifiwa.

Mchezo wa saba sisi wawili tuliutazama bila yeye, alikuwa amerudi Kahama. Hapo ndipo Duncan, tukiwa nyuma kwa pointi mbili, imebaki chini ya dakika moja, alipokea mpira karibu na ringi huku nyuma yake akiwa Shane Battier wa Miami. Battier, yule yule aliyebadilishwa na Hasheem Thabeet wetu mwaka 2011, Memphis wakamchukua yeye na Thabeet akapelekwa Houston! Nilikwambia siku ile kwamba dunia ya kikapu ni ndogo kama soko la Tabora. Duncan akageuka kama alivyogeuka mara elfu, akautupa mtupo anaoufunga hata usingizini, ukatoka. Akaugusa tena, ukatoka. Akarudi kwenye ulinzi, akainama, akapiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Mtu ambaye tulimjua miaka kumi na sita bila kumwona akikunja uso. Wewe ulilia na mimi sikukukataza.

Mwaka 2014 tukawalipa Miami fainalini, nne kwa moja, hilo unalijua na picha yako umejifunga taulo kichwani mama yako bado anayo.

Haya, kustaafu. Mei 2016 tulitolewa Oklahoma City, baada ya msimu wa ushindi mara 67, mwingi kuliko msimu wowote wa klabu. Tarehe 11 Julai klabu ikatoa taarifa ya maandishi kwamba Duncan anastaafu. Basi. Miaka 19, timu moja, makombe matano, na karatasi. Hakukaa mbele ya kamera. Kesho yake aliyekwenda kuzungumza na waandishi wa habari ni Popovich, amevaa fulana yenye uso wa Duncan kifuani, na hata yeye maneno yalikuwa yanamkwama.

Wenzako wanamleta Kobe. Wasidhani nambeza Kobe. Alitangaza Novemba 2015, akazungushwa kila uwanja msimu mzima, watu wa miji aliyoifunga wakasimama kumpigia makofi, na tarehe 13 Aprili 2016 akarusha mara 50 na kufunga pointi 60 dhidi ya Utah. Aliwapa watu wake siku ya kukumbuka. Na alipofariki Januari 2020, nilishukuru kwamba siku ile ilikuwepo, kwamba watoto wa Los Angeles waliwahi kumwambia ahsante akiwa anasikia. Hilo si jambo dogo. Nikilifikiria hilo, mkono wangu unaelekea kwa wenzako.

Halafu nakumbuka kuagwa kwangu, mwaka ule ule wa 2016. Ulikuwepo. Keki yenye umbo la mpira, godoro, kitenge cha mama yako, shairi la kidato cha tatu. Nilifurahi, sikufichi, nilifurahi sana, na hotuba yangu ilikuwa ndefu. Kaka yako aliendesha usiku kucha kutoka Kahama, akafika na vumbi, akasimama karibu na mlango. Mshereheshaji akasema wachezaji wote wa zamani wa Mwalimu wasimame wapigiwe makofi. Wakasimama kumi na moja. Kaka yako alikuwa ameshasimama tayari, kwa hiyo akafanya jambo ambalo nadhani mimi peke yangu nililiona: aliketi. Alivuta kiti cha plastiki akaketi mpaka makofi yakaisha.

Sasa niambie, aliyeondoka bila kuagwa, kosa ni lake au la waliopaswa kumuaga? Mimi sikuwahi kumuaga kaka yako. Sikuwahi kusema mbele ya timu kwamba alicheza vizuri, ili wasiseme nampendelea. Kuaga si mzigo wa anayeondoka peke yake. Hapa nasikia wewe ukisema, "Baba, nimekuuliza habari za Duncan." Ndiyo, nazungumza habari za Duncan.

Maana angalia alichofanya baadaye. Msimu wa 2019–20 alirudi San Antonio kama kocha msaidizi. Akaketi kwenye benchi lile, pembeni ya mtu yule yule aliyemtoa zikiwa zimebaki sekunde 28. Msimu mmoja tu, kisha akaenda zake, kimya kama kawaida. Na Mei 2025, Popovich alipoachia ukocha baada ya miaka 29 na baada ya kiharusi, akasimama mbele ya watu mzee amedhoofika, waliokuwa pembeni yake ni mchezaji wake wa zamani Ginobili na Duncan. Niliitazama ile video kwenye simu ya mama yako mdogo mara nyingi. Simtazami Popovich. Namtazama Duncan alivyosimama, urefu wote ule, ametulia, yupo.

Je, alitutendea haki? Mtu akiniuliza barazani nitasema ndiyo haraka haraka, kwa ubishi. Kwako wewe siwezi. Kuna siku naona alitunyima kitu, kwamba sisi wa huku tuliokesha tukila matobolwa tulistahili mchezo mmoja wa kujua kwamba ndio wa mwisho. Kuna siku naona angetembezwa kila uwanja akipewa zawadi, nisingemtambua. Nimejaribu kuchagua tangu nilipoanza ukurasa wa kwanza na nimeshindwa, na unajua kushindwa kuchagua si desturi yangu. Waambie wenzako bado tunafikiri. La Miami lakini usiwaachie: mpira ukiwa hewani, mrefu awe uwanjani.

Jambo la mwisho. Pasaka kaka yako alikuja na yule mwanawe, ana miaka kumi na amekwisha nifika begani. Nimemfungia ringi kwenye mwembe wa uani. Siku ile mpira ulimponyoka mtoto ukabingirika mpaka miguuni kwa baba yake pale alipokuwa ameketi akimenya chungwa. Kaka yako aliweka kisu chini. Akaufuta mpira vumbi kwenye suruali, akaushika muda kidogo, akamrudishia mtoto kwa pasi ya kifua, viwiko vimebana, dole gumba chini, kama nilivyowafundisha. Kisha akachukua chungwa lake. Sikusema kitu. Mama yako alinikanyaga mguu ili nisiseme kitu.

Desemba wanakuja tena, tarehe 23, kama gari lake halitapangiwa safari. Wewe ukija, nitafutie wavu wa ringi huko Mwanza. Ukikosa wa dukani, chukua kipande cha wavu wa wavuvi, wa matundu makubwa, kama upana wa kanga moja hivi, nitaushona mwenyewe. Mtoto analalamika kwamba bila wavu hajui kama mpira umeingia au umepita pembeni.

Haya niliyokuandikia ya mwaka 2008 sijamwambia kaka yako. Ukiona vema msomee. Ukiona si vema, acha, nitamwambia mimi akija.

Mama yako anakusalimu, anasema upige simu mapema, si saa nne usiku.

Ni mimi baba yako.